Mdogo wangu kaambiwa ataenda kufanya kazi shamba Kanada na familia yote, hii imekaaje?

bintizabibu_dom:

Mbukwenyi wadau. Naomba mawazo yenu maana nyumbani tumegawanyika na mimi ndo naonekana mchawi nisiyetaka wenzangu waendelee.

Mdogo wangu wa kiume yuko Hombolo, analima zabibu, na hiyo kazi anaiweza kwelikweli, kupogolea, kupiga dawa, kuvuna, watu wanamfuata mpaka kutoka Mpunguzi aje awapogolee. Sasa kuna wakala mmoja ana ofisi hapa mjini kamwambia kuna kazi kwenye shamba la zabibu Kanada, mkataba miaka miwili, na eti kuna programu ya wakulima inaitwa Agri-Food Pilot ambayo ukiingia tu unapewa ukaazi wa kudumu wewe, mke na watoto, mnapanda ndege pamoja. Gharama milioni 4.8 kwa yeye, halafu milioni moja na nusu kwa kila mwanafamilia. Nusu inalipwa sasa "kufungua faili", nusu nyingine viza ikitoka.

Hela hana. Anachotaka ni kuuza eka yake ya zabibu ambayo ndo kwanza imeanza kuzaa vizuri, mnunuzi kashapatikana na anataka waandikishane kwa mtendaji wiki ijayo. Hapo ndo moyo wangu ulipokataa.

Mengine ya kujua: yeye na wifi hawana cheti cha ndoa, mahari ilitoka, ng'ombe na mbuzi walipelekwa kwao Kongwa, wazee walikaa, ila karatasi hakuna. Wana watoto wawili, na kuna mmoja mkubwa wa nje, miaka 11, yuko kwa mama yake Mpwapwa. Wakala kasema huyo wa Mpwapwa asiandikwe kabisa kwenye fomu maana "atachafua faili". Wa kwanza wa kwa wifi ana cheti cha kuzaliwa cha RITA, wa mwisho ana miaka mitatu ana tangazo la kuzaliwa la hospitali tu. Pasi hana hata mmoja wao.

Hivi hiyo programu ipo? Na familia inaweza kweli kwenda naye siku moja? Msinijibu kwa hasira, natakiwa nimwonyeshe hapa hapa kwenye simu.

kigogo_wa_makole:

milioni 4.8 kufungua faili, hilo faili lina milango mingapi 😂😂 dada mwambie mnunuzi hilo shamba lina mgogoro wa ukoo, utakuja kunishukuru

mkulima_wa_kioo:

Dada salaam kutoka Leamington, Ontario. Mimi nipo kwenye nyanya za ndani ya nyumba za vioo huku, kwetu ni Bahi, kwa hiyo nitakujibu kwa ninachokijua, na mdogo wako asome taratibu asiruke.

Programu ipo? Ilikuwepo. Agri-Food Pilot ilianza Mei 2020 na imefungwa tarehe 14 Mei 2025. Na hata kabla ya hiyo tarehe, nafasi za mwaka huo zilijaa mwezi wa pili tu. Waliokwisha kutuma maombi ndo wanaendelea kushughulikiwa, mtu mpya hapokelewi. Kwa hiyo anayeuza hiyo leo anauza tiketi ya basi lililoshaondoka.

Ila hata ingekuwa wazi hadi leo, isingemhusu mtu aliyeko Hombolo. Sharti lake ulitakiwa uwe UMESHAFANYA kazi Kanada angalau mwaka mzima, kazi ya kudumu sio ya msimu, masaa yasiyopungua 1,560, kwa kibali cha kazi halali, kwenye kazi zilizotajwa, mfano nyama, uyoga, nyumba za vioo, mifugo. Halafu uwe na ofa ya kazi ya kudumu, mtihani wa lugha ufikie ngazi ya 4, na elimu ya sekondari. Ilikuwa njia ya kuwabakisha waliokwishaingia. Kumtoa mtu Dodoma moja kwa moja akashuke na ukaazi mkononi haikuwahi kuwa kazi yake.

Kuna nyingine watu wanaichanganya, ile ya wafanyakazi wa msimu, ilianza 1966 na Wajamaika. Ile ni mkataba wa serikali kwa serikali, Mexico na nchi 11 za Karibiani, basi. Tanzania haimo. Na wao wanakuja miezi nane mwisho, mke na watoto wanabaki kwao.

Kinachobaki kwa Mtanzania ni mkondo wa kilimo wa kawaida, yaani njia ya mashamba ya huku kuajiri wageni kwa muda. Hapo utaratibu unaanza kwa MWAJIRI. Mwenye shamba anaomba serikali ya huku karatasi inaitwa LMIA, kuonyesha kwamba katafuta Mkanada wa hiyo kazi kakosa. Akipewa, anakutumia wewe nakala ya barua ya LMIA pamoja na mkataba, ndo unaomba kibali cha kazi. Ada ya serikali ya kibali dola 155 za Kanada, alama za vidole dola 85. Zote mbili kwa pamoja hazifiki nusu milioni ya kwetu. Hiyo nyingine kwenye 4.8 inaenda wapi muulizeni yeye.

Na hili mkazie sana. Kwenye mkondo huo mwajiri ndo anatakiwa kulipa nauli ya kwenda na kurudi, atafute malazi (anaruhusiwa kukata dola 30 tu kwa wiki), na haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi gharama za kumtafuta. LMIA kwa waajiri wengine ni dola 1,000, kwa mashamba hata hiyo wamesamehewa. Kwa hiyo mtu akikwambia "lipia LMIA ya shamba" anakuuzia kitu ambacho mwenye shamba mwenyewe kapewa bure.

Familia nayo. Zamani kidogo ilikuwa nyepesi, mke aliweza kuomba kibali cha wazi cha kufanya kazi popote. Tarehe 21 Januari 2025 wamebana. Sasa hivi mwenza anapata kama wewe uko kwenye kazi za ngazi ya juu, na baadhi ya kazi za kati walizozichagua. Kuvuna na kupogolea wanaiweka ngazi ya chini kabisa, namba 5. Watoto nao wametolewa kwenye hivyo vibali. Wifi anaweza kuomba viza ya matembezi kama mgeni mwingine yeyote, lakini hapo ataulizwa hela ya kujikimu na kitu gani kitamrudisha nyumbani, na ukizingatia shamba lenyewe mmeliuza... unaona inavyojipiga mtama? Ukweli wa huku wengi wa mashambani tuko peke yetu, tunalala bweni la wafanyakazi, familia ni WhatsApp.

Sisemi asije. Ontario kima cha chini ni dola 17.60 kwa saa tangu Oktoba 2025, ukibana matumizi unajenga. Nasema asije kwa hiyo njia.

chako_ni_chako:

Nyie mlioko huko mkishavuka daraja mnalivunja. Kila mtu akileta mchongo hapa ni tapeli tapeli. Mawakala wapo wa kweli, mtaani kwetu Area C kuna mabinti wameenda Uarabuni kwa wakala na wanatuma hela kila mwezi. Bila kutoa hela ya koneksheni hakuna anayetoka nchi hii, tuwe wakweli. Na hiyo miaka miwili ya mkataba mbona amesema mwenyewe ipo?

mkulima_wa_kioo:

Mkuu sijasema mkataba wa miaka miwili haupo, LMIA ya kilimo inaweza kutolewa hadi miezi 24, ndo maana uongo wao unanoga, wanachukua kipande cha kweli wanaunga na cha kwao. Nilichosema ni nani analipa nini.

Na wakala wa kweli ana namna ya kumjua. Kanada mtu anayelipwa kukushughulikia maombi ya uhamiaji lazima awe mwanasheria wa huko au mshauri aliyesajiliwa kwenye chombo chao, kina orodha mtandaoni iko wazi kwa kila mtu, unaandika jina unaona kama yumo, kasimamishwa au kafutwa. Kwa upande wa Tanzania, wakala wa kupeleka watu kazini nje anatakiwa leseni, na hao wa kuuliza mnao hapo hapo Dodoma, nendeni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, au kwa watu wa kazi na ajira, mtaje jina la kampuni, mjibiwe. Nauli ya daladala tu. Chako ni chako, hao mabinti wa Area C kama wakala wao ana leseni basi ni huko huko walikopita.

kigogo_wa_makole:

chako ni chako usije ukawa ndo wewe mwenye ofisi 👀

wakili_bila_joho:

Mimi nimevutwa na kitu kimoja ambacho naona mmekiruka, na kwa maoni yangu ni kibaya kuliko hizo milioni. Yule mtoto wa Mpwapwa.

Hela ukiipoteza unalima tena. Mtoto usipomwandika unaweza kumfungia mlango moja kwa moja. Sheria za uhamiaji za Kanada zina kifungu kinachosema hivi: siku mtu anapoomba ukaazi wa kudumu anatakiwa ataje watoto wake WOTE, anaokwenda nao na asiokwenda nao, wa ndani na wa nje, anayeishi naye na anayeishi kwa bibi, na wote wakaguliwe kiafya na kiusalama. Ambaye hakutajwa na hakukaguliwa, huko mbele baba akishakuwa mkaazi akitaka kumvuta kama mwanafamilia anaambiwa huyu hatumtambui. Haijalishi una cheti cha kuzaliwa, haijalishi mmepima vinasaba mkalingana. Imewaliza watu wengi mpaka mwaka 2019 serikali yao ikabidi ifungue dirisha la muda la kuwahurumia baadhi. Dirisha la huruma sio kitu cha kupangia maisha.

Mtu atasema "lakini yeye anaomba kibali cha kazi tu kwanza, ukaazi baadae". Sawa, ila hata kwenye kibali cha kazi kuna fomu ya taarifa za familia na inauliza watoto wote. Ukiandika wawili leo, ukaja kuandika watatu baada ya miaka mitatu, ofisa anaziweka fomu mbili mezani anauliza ipi ni ya uongo. Kosa la kutoa taarifa za uongo adhabu yake ni kuzuiwa miaka mitano. Na anayezuiwa ni mwenye jina kwenye fomu. Wakala kazi yake imekwisha, yeye hajasaini popote, mtakuta hata laini ya simu kabadilisha.

Halafu jiulizeni kwa nini anataka afiche. Mtoto wa miaka 11 anachafua faili gani? Kanada mtoto tegemezi ni chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa, kwa hiyo huyo yumo kabisa na ana miaka mingi mbele. Mimi nadhani ni uvivu tu, kwamba akimwandika itabidi atafute barua ya ridhaa ya mama mzazi, na yeye hana mpango wa kufanya kazi yoyote hapo, anataka nusu ya kwanza. Lakini uvivu wa mtu mwingine usimfanye mtoto wa watu akose baba kisheria.

Kuhusu ndoa msiogope. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya kimila, na inaweza kuandikishwa kwa msajili wa wilaya. Tena kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawaona ni mume na mke, inachukuliwa wameoana, mpaka ithibitike vinginevyo. Kanada nao wana cha kwao, mkiishi pamoja mwaka mzima kama mke na mume mnahesabika wenza hata bila cheti, ila ushahidi wanautaka. Kwa ushauri wangu waandikishe hiyo ndoa, wazee waliokula hiyo mbuzi wakiwa bado hai wa kutoa ushahidi. Hiyo itawafaa hata wasipotoka Hombolo maisha yao yote, siku ya mirathi ndo mtanielewa.

(Mimi sio wakili wenu, nimesoma tu sheria na nina mdomo mrefu.)

dada_wa_kizota:

Hapo kwa mtoto nimeishiwa nguvu. Baba yangu mdogo alienda Ulaya miaka hiyo akajiandika kapera, mpaka leo mambo ya watoto wake ni kizungumkuti na wenyewe ni watu wazima sasa.

Swali la pembeni, Uingereza je? nasikia wanachukua watu wa kuchuma matunda

mkulima_wa_kioo:

Wanachukua, kwa viza ya msimu, miezi sita tu na kupitia kampuni zilizopewa leseni na serikali yao, na hizo kampuni haziruhusiwi kumtoza mtu hela ya kumpa kazi. Familia hairuhusiwi kabisa kuongozana na wewe. Anayekwambia Uingereza shambani na mke na watoto, huyo hata usimalize chai yake.

steshenari_sokoni:

Habari za jioni, mimi nina steshenari hapa mjini najazia watu fomu za Uhamiaji, RITA, NIDA kila siku kwa hiyo niongee za upande wangu.

Pasi inaombwa mtandaoni, 20,000 ya fomu na 130,000 ya pasi yenyewe, jumla laki moja na nusu, unalipa kwa kontroo namba inaenda serikalini moja kwa moja. Tangu 2018 ni hizi za kielektroniki. Uwe na kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi mmoja, kama mzazi hana kuna kiapo. Mtu asije akakwambia umpe laki nne "akutolee pasi", hiyo pasi bado utakwenda mwenyewe kupigwa picha na vidole. Ila mjue wanauliza ushahidi wa safari, barua ya mwajiri au mwaliko, kwa hiyo mtu ambaye hana hata jina la shamba anapokwenda ataandika nini pale? Hapo hapo mngejua kama wakala ana kitu.

Kinachotusumbua zaidi hapa dukani ni majina. Baba NIDA inasema hivi, cheti cha mtoto kimeandikwa jina la utani la baba, mama kaandikwa jina la ubatizo upande mmoja na la Kigogo upande mwingine. Kwa hapa nyumbani tunaelewana, ila ofisa wa ubalozi aliyekaa mbali yeye hajui kwamba hao ni mtu mmoja. Mkague herufi kwa herufi kabla ya kupeleka chochote, na kama inatofautiana rekebisheni kwenye chanzo. Kiapo cha majina kinasaidia lakini ukiwa na viapo vitatu kwenye faili moja hata mimi ningekutilia shaka.

Vidole vya viza ya Kanada vinachukuliwa Dar kwenye kituo chao cha maombi, siku hizi mnapanda treni ya SGR mnakwenda. Watoto chini ya miaka 14 hawapigwi vidole kwa hiyo msisafirishe kundi zima kwa gharama za bure. Ukishapiga vidole vinadumu miaka 10.

chako_ni_chako:

Sawa nimewaelewa kwenye mtoto, hapo mpo sahihi. Ila kwenye hela bado nasema mtu asiyejua kompyuta atalipa mtu tu amsaidie, hata steshenari hapo hafanyi bure.

steshenari_sokoni:

Sifanyi bure ndio, nachukua hela ya kujaza na ya kuchapisha, na risiti nakupa. Sijawahi kumwambia mtu auze shamba.

bintizabibu_dom:

Nimerudi na mrejesho. Nimemsomea mdogo wangu na wifi akiwepo, kwenye ya mtoto wa Mpwapwa alinyamaza sana. Kumbe yule mama wa mtoto alishasikia kwamba mwanae anafutwa na walishapigiana kelele kwenye simu, sisi tulikuwa hatujui.

Leo tumempigia wakala mbele ya watu, tukamwomba vitatu tu: jina la shamba, nakala ya LMIA, na jina la mshauri wake wa Kanada tulitafute kwenye hiyo orodha. Shamba kasema ni siri ya kampuni, LMIA inatoka baada ya malipo ya kwanza, mshauri yuko "kwenye mkutano". Nilipotaja kwamba Agri-Food ilifungwa Mei 2025 akasema ameshapata nafasi maalum zilizobaki, halafu bila kuulizwa akashusha bei, milioni tatu. Wifi akacheka kwa sauti.

Mnunuzi kaambiwa asubiri, mdogo wangu anasema hatauza kabla ya mavuno haya. Bado nusu ya moyo wake iko Kanada namwona, kila akishika simu anaangalia video za mashamba ya huko, na mimi sitaki kumkatisha tamaa maana kupogolea anajua na huenda akaja kupata njia ya haki. Jumatatu tunakwenda TaESA kuuliza leseni ya huyo bwana na kama wana nafasi zozote za kilimo za nje.

Swali langu la mwisho, je tuendelee kutengeneza makaratasi au tusubiri? Na huyu wa miaka mitatu tunaanzia wapi?

mkulima_wa_kioo:

Makaratasi endeleeni. Aandikishe ndoa, atafute vyeti vya watoto wote watatu, na aanze kutunza ushahidi wa kazi yake, barua kutoka kwa hao anaowapogolea Mpunguzi, picha, stakabadhi za kuuza zabibu kwenye ushirika kama anazo. Mwajiri wa kweli anauliza umefanya nini na kwa miaka mingapi. Kiingereza nacho asidharau. Na akipata ofa ya shamba lolote la huku anitumie inboksi jina nilitafute kabla hajajibu, hiyo hainichukui muda.

wakili_bila_joho:

Na cheti cha yule wa Mpwapwa jina la baba lisomeke sawasawa na NIDA. Kama kimeandikwa jina la babu upande wa mama, mshughulikie sasa hivi mkiwa bado mnasalimiana na mama yake.

steshenari_sokoni:

Pasi subirini mpaka awe na ushahidi wa safari. Wa miaka mitatu ni rahisi, chini ya miaka mitano wanasajiliwa bure kituo cha afya au ofisi ya kata, mama aende na lile tangazo na kadi ya kliniki, na wakague jina kabla hawajaondoka dirishani. Akishapita mitano mnakwenda RITA wilayani na hapo kuna ada na maswali. Tangazo likipotea ndo mtapata shida, kwa hiyo mlipige kopi leo, kopi ya hilo nawapa bure.